Ustawi wa Kudumu

Maneno "maendeleo endelevu" yamekwisha kuenea katika sera, katika vyeti vya semina na katika mabango ya barabarani, kana kwamba kuandikwa mara nyingi ni ithibati ya usahihi. Nami, pamoja na taadhima yote niliyo nayo kwa wanakamati walioyaidhinisha, siwezi kuyaridhia.

Asili ya maneno yote mawili ni kitenzi kimoja, kwenda, ambacho kilitupa kuendelea na maendeleo. Kisha pakatiwa kiambishi -vu, kile kile kilichotoa mvumilivu katika kuvumilia na msikivu katika kusikia, tukapata endelevu, yaani chenye tabia ya kuendelea. Sarufi haina ila. Ila imo katika maana, kwani msikilizaji husikia mwendo uzaao mwendo, wala hasikii mpaka. Ilhali tume ya Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway, ilipotoa ripoti yake mwaka 1987, kwa dhana hii ilinuia mpaka hasa: walio hai watimize haja zao pasipo kuwanyima wajao uwezo wa kutimiza zao. Kwa dhana hiyo Waarabu walisema al-mustadama, kwa mzizi ule ule uliotupa sisi kudumu na daima. Na ustawi, neno ninalolipendekeza badala ya maendeleo, ambalo asili yake ni istawa, kulingana sawa na kukomaa, ni sifa ya mmea uliofikia kimo chake. Mwalimu mmoja mashuhuri ameniandikia kwamba neno hilo ni milki ya ofisi za ustawi wa jamii. Hoja dhaifu mno, kwani tangu lini ofisi ikamiliki neno?

Maazimio ya mwaka 2015 juu ya maendeleo hayo, yenye malengo 17 na shabaha 169, yalipitishwa New York, katika Umoja wa Mataifa wenye lugha rasmi 6, na Kiswahili si mojawapo; kwetu yalifika yamekwisha kukatwa na kushonwa. Basi mkata boriti wa Rufiji, ambaye wazee wake walipakia mikoko majahazini kwenda Ghuba, akisoma bangoni "uvunaji endelevu" akafahamu kwamba ameruhusiwa kuendelea kukata, kosa si lake.

Katika matumizi itoshe kusema: ustawi wa kudumu, uvuvi wa kudumu, uvunaji wa kudumu. Nilipeleka pendekezo hili kwa wahusika kwa maandishi. Nikajibiwa kwamba vitabu vimekwisha kupigwa chapa, nami sikubali kamwe kwamba mpiga chapa awe ndiye kadhi wa lugha.