Kompyuta Zilivyojifunza Kutaja Kosa

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kabla somo halijaanza, mwalimu wa kila kikundi aandike ubaoni namba hizi tatu: 200, 422, 500.

  Leo hatutazungumza habari za vita wala za wafalme. Tutazungumza habari za jibu dogo sana, yaani jibu ambalo kompyuta hutoa mambo yanapoharibika.

Mtu akipeleka barua posta na anwani ikawa mbaya, barua hurudi, na juu yake huandikwa sababu. Fikirini sasa barua irudi bila neno lolote. Mwenye barua atajuaje kama amekosea anwani yeye, au mwenzake amehama, au makarani wa posta ndio waliokosea? Kompyuta nazo zilipoanza kuandikiana, swali lilikuwa hilo hilo.

Leo karani wa ushirika anaweza kuandika kilo za kahawa ya mkulima katika simu yake. Programu ya simu hupeleka ombi kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, inayotumikia watu wengi. Kompyuta hiyo huitwa seva. Mahali ambapo seva hupokea maombi ya programu nyingine, mafundi hupaita API. Sisi katika somo hili tutapaita dirisha, kwa sababu panafanana na dirisha la ofisi: ombi huingia hapo, na jibu hutoka hapo.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1969 huko Marekani kompyuta za kwanza ziliunganishwa katika mtandao ulioitwa ARPANET. Mwezi wa Juni 1974, Jon Postel na wenzake walitoa hati ya kanuni namba 640, iliyopanga upya majibu ya kompyuta zinapopelekeana mafaili. Kila jibu lilikuwa na namba ya tarakimu tatu, kisha maneno machache. Namba ilikuwa kwa ajili ya mashine, na maneno kwa ajili ya binadamu. Tarakimu ya kwanza peke yake ilitosha kueleza mambo yalivyokwenda. Ikiwa 2, kazi imekwisha vema. Ikiwa 4, imeshindikana kwa sasa, jaribu baadaye. Ikiwa 5, imeshindikana kabisa, usirudie vile vile.

Baadaye Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN karibu na mji wa Geneva huko Uswisi, alibuni njia ya kusoma kurasa katika mtandao. Katika kanuni zake za kwanza za mwaka 1991, jibu halikuwa na namba. Kosa lilipotokea, seva ilileta ukurasa wenye maneno ya kueleza kosa. Mtu aliweza kuusoma akaelewa. Lakini mashine haikuwa na njia ya kutofautisha ukurasa wa kosa na ukurasa uliotakiwa.

Upungufu huo ulirekebishwa. Kanuni zilizochapishwa mwezi wa Mei 1996 zilikuwa na namba za tarakimu tatu, lakini maana za 4 na 5 zilibadilishwa. Namba inayoanza na 4 husema kwamba kosa liko katika ombi lenyewe. Namba inayoanza na 5 husema kwamba seva ndiyo iliyoshindwa. Hapo, wasikilizaji, ndipo kompyuta ilipoanza kutaja upande wenye kosa.

Wakati huo huo lugha mpya ya kuandikia programu ilikuwa inakua. Mwezi wa Juni 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliwatolea watu vifaa vyake vya PHP. Lugha hiyo ilikuwa nyepesi, ikaenea upesi. Lakini ilikuwa na desturi moja ya taabu: kosa lilipotokea, PHP iliweza kulichapa katikati ya ukurasa, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Fundi alisaidika. Programu nyingine iliyongoja jibu haikujua la kufanya na maneno hayo. Na mwizi aliyepita hapo aliona jinsi nyumba ilivyojengwa ndani.

Mwaka 2004 toleo la 5 la PHP liliwezesha kosa kurushwa kama mpira, na kudakwa mahali pengine katika programu. Toleo la 7, la Desemba 2015, likawezesha hata makosa mengi mazito kudakwa hivyo. Jambo hili liliwafaa sana watengenezaji wa viunzi. Kiunzi cha programu ni kama kiunzi cha nyumba: nguzo na boriti zimekwisha simama, na fundi anajaza kuta. Laravel, kiunzi kilichotolewa mwaka 2011 na Taylor Otwell wa Marekani, kina mahali pamoja pa kudaka makosa yasiyodakwa kwingine na kuyageuza kuwa majibu.

Je, mambo yote yalinyoka? Hayakunyoka. Mafundi wengine waliandika madirisha yanayojibu 200, maana yake "vema", kisha ndani ya jibu wakaweka maneno ya kosa. Wahenga wamesema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuseme karani wetu amesahau kuandika namba ya mwanachama. Seva inakataa ombi, lakini inajibu 200. Programu ya simu inaona 200, inamwambia karani, "Imepokelewa." Mkulima anakwenda zake nyumbani. Siku ya malipo, kilo zake hazimo. Kosa dogo la kuandika, ambalo lingesahihishwa pale pale kwenye mzani, sasa limekuwa ugomvi baina ya mkulima na karani.

Jibu la haki lingekuwa 422. Namba hiyo iliongezwa mwaka 1999, nayo husema: ombi linasomeka, lakini yaliyomo hayakubaliki. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2017, Laravel ikikataa maandishi ya ombi linalotaka jibu la JSON, hujibu 422, pamoja na ujumbe na orodha ya sehemu zenye kosa. Karani huambiwa: namba ya mwanachama haimo. Huijaza, na kazi huendelea.

Lilibaki tatizo moja. Namba hutaja jamii ya kosa, haielezi yote. Kila dirisha lilikuwa na namna yake ya kuandika maelezo, na fundi aliyetumia madirisha kumi alijifunza namna kumi. Mwezi wa Machi 2016, Mark Nottingham na Erik Wilde walitoa hati namba 7807. Ilipanga mambo matano ya jibu la kosa: aina ya tatizo, kichwa chake kifupi, namba ya tarakimu tatu, maelezo ya tukio hili, na kitambulisho cha tukio hili. Mengine yaweza kuongezwa. Mwezi wa Julai 2023 hati namba 9457 ilichukua mahali pake, ikiyabakiza mambo hayo matano. Kiunzi cha Symfony kina chombo cha kuandika makosa kwa kufuata mpango huo. Namna ya Laravel si hiyo hasa, lakini fundi aweza kuubadili pale pamoja panapodakwa makosa.

Basi, tukumbuke mambo matatu. Jibu la kosa litaje upande wenye kosa. Limweleze mwombaji anachoweza kusahihisha. Na seva inapoharibika yenyewe, iseme 500 bila kuwaonyesha wageni siri za ndani.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Mwaka 1974, namba ilikuwa kwa ajili ya nani, na maneno kwa ajili ya nani?
2. Karani amepata jibu la 422. Afanye nini? Akipata 500, je, kosa ni lake?
3. Kwa nini jibu la 200 lenye kosa ndani lilimdhuru mkulima kuliko karani?