Neno la herufi 33

Sisi wa agronomie tunagawa mimea kwa umri: mahindi ni ya mwaka moja, kahawa ni ya miaka mingi. Rafiki yangu mwenye anasoma Polandi alinitumia picha ya kitabu chake. Kule, kivumishi cha “ya miaka mingi” ni wieloletni. Nikamwomba kirefu kuliko kile. Akatuma: dziewięćdziesięciodziewięcioletni. Herufi 33! Maana yake “mwenye miaka 99”.

Musiogope, tukivunje. Dziewięćdziesiąt ni 90, dziewięć ni 9. Zikiingia ndani ya kivumishi, kila moja inapata o kama gundi: dziewięćdziesięcio, dziewięcio. Kisha letni, yenye inatoka ku lato, majira ya joto. Wapolandi wanahesabu miaka kwa majira, sawa wakulima (hiyo ilinifurahisha sana).

Na silabi? Macho yanaona vokali 18, lakini ulimi unatamka silabi 10: dzie-więć-dzie-się-cio-dzie-wię-cio-let-ni. Ile i kati ya konsonanti na vokali haihesabiwi, inalainisha tu konsonanti. Kwa hiyo, ukifika mwisho wa mstari, huwezi kukata dzi-e.

Nani aliweka sheria za kuandika hivi? Hapa njo histoire inaanza kuuma. Kati ya 1772 na 1795, Urusi, Prussia na Austria waligawana Polandi mara tatu. Uhuru kamili ulirudi 1918 tu. Mwaka 1901, ku Września, chini ya Wajerumani, watoto wenye walikataa kusoma dini kwa Kijerumani walichapwa, na wazazi wenye walilalamika wakafungwa. Sisi wenye tulivalishwa simboli shingoni ku primaire juu ya kuongea Kiswahili, tunaelewa hiyo bila kamusi.

Upande wa Austria, mambo yalikuwa afadhali: ku Kraków, Kipolandi kilikuwa na shule, université na akademi yake. Njo akademi ile, kisha uhuru, ilipanga maandishi ya nchi nzima. Mbele ya 1936, “-zuri” ya wingi iliweza kuandikwa dobrymi ao dobremi, kufuatana na jinsia ya jina, hata kama wengi hawakuitofautisha wakiongea. Kamati ya 1936 ikasema: dobrymi kwa wote. Vivumishi vyote, virefu na vifupi, vikafuata.

Kistari nacho kina kazi. Bendera, kwa sheria ya 1919, ni nyeupe na nyekundu. Siku hizi wanaandika biało-czerwona, na kistari, juu rangi mbili zina cheo kimoja. Lakini jasnoczerwony, nyekundu hafifu, haina kistari: jasno inaeleza tu czerwony. Rafiki yangu alisahau kistari kile ku examen ya lugha, akapoteza pointi. Alinipigia simu na hasira, nikamuuliza ni rangi ngapi ziko ku bendera. Akakata simu.