Ufuko Usio na Farasi

Ndugu msomaji, tuseme umefika Nchelenge mwishoni mwa mwezi wa Julai pamoja na familia yako: mwenzi wako, watoto, pengine na bibi yao. Asubuhi mmetembea ufukoni na kuliona Ziwa Mweru lilivyotanda kuelekea upande wa Kongo. Mmenunua samaki katika soko la Kashikishi, na sasa mnatafuta mahali pa kupumzikia. Mtoto mmoja, ambaye ameona kitabuni picha ya mbio za farasi, watu wakishangilia na kina mama wamevaa kofia pana, anauliza farasi wa huku hukimbilia wapi.

Jibu fupi ni kwamba hawakimbii popote, kwa kuwa hawapo. Jibu refu ni historia, nami nakuomba unisikilize kidogo, maana imewahusu watu wengi kuliko farasi.

Adui wa farasi katika nchi hii ni mdudu asiyemzidi nyuki kwa ukubwa. Kiswahili humwita mbung'o, na wengine husema ndorobo. Akimng'ata farasi humwambukiza nagana, ugonjwa unaomkondesha mnyama hata akashindwa kusimama, na mara nyingi humwua. Punda milia, aliye wa ukoo mmoja na farasi, huishi porini pamoja na mbung'o bila taabu kubwa, lakini yeye hakubali tandiko. Basi tangu zamani aliyetaka kufika Mweru alikuja kwa miguu yake mwenyewe au kwa mabega ya wenzake.

Daktari Livingstone alijaribu kuivunja kanuni hiyo. Mwaka 1866 alishuka Mikindani, pwani ya Tanzania ya leo, akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, punda, na nyumbu, yaani wale wazaliwao na punda na farasi. Alitaka kujua, pamoja na mambo mengine, kama wanyama hao wangeweza kumstahimili mbung'o. Wanyama walidhoofika na kufa njiani, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba ukatili wa waliowachunga nao ulichangia. Alipoliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, alikuwa mtembea kwa miguu kama wengine. Kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula, alimkuta mfanyabiashara aitwaye Muhammad bin Saleh, aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Hivyo usidhani kwamba lugha unayojifunza ni ngeni katika ufuko huu. Misafara ya pwani ilifika hapa, na hata leo ziwani kipo kisiwa kiitwacho Kilwa.

Misafara hiyo ilibebwa na nini? Na vichwa vya watu. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na majora ya nguo, vyote vilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Zingatia pia neno *machela*. Leo hospitalini ni kitanda cha kumbebea mgonjwa, lakini zamani lilikuwa jina la kitanda cha kamba au cha nguo kilichoning'inizwa kwenye mti, na ndani yake akalala mkubwa, huku watu wakimbeba safari nzima. Kiswahili kililipata neno hilo kutoka kwa Wareno, na Wareno nao walifika kwa Kazembe mapema: Lacerda mwaka 1798, akafia huko, kisha Monteiro na Gamitto mwaka 1831. Pasipo farasi, binadamu ndiye aliyefanywa farasi.

Sasa twende Nairobi kidogo, kwa sababu huko ndiko mbio za farasi za Afrika Mashariki zilikostawi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haimfai mbung'o. Walowezi wa Kizungu waliunda chama chao cha mbio mwaka 1903, wakawa na uwanja upande wa mashariki wa mji. Uwanja huo ulihamia Barabara ya Ngong mwaka 1954, ambako mpaka leo familia huenda Jumapili na vikapu vyao vya chakula, watoto wakikimbia majanini na wazazi wakibishana ni farasi yupi atashinda. Uwanja wa zamani umebaki katika jina la barabara tu, Racecourse Road.

Lakini tazama jirani ya barabara hiyo. Upo mtaa uitwao Kariokor, na jina hilo, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vita hivyo farasi walioletwa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu, na mbung'o alikuwa mmoja wa wauaji wao. Waingereza wakakusanya wapagazi takriban milioni moja, wengi kwa kulazimishwa, wabebe risasi na chakula. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Hata huku kaskazini mwa Zambia, iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, wakaitwa *tenga-tenga*. Kwa hiyo katika mji ule ule mmoja, farasi aliyepona alikimbia kwa ajili ya starehe, na mtu aliyeitwa badala ya farasi aliyekufa alilala kambini akisubiri mzigo. Mimi siwezi kupita Kariokor bila kuliwaza hilo, ingawa sina ugomvi wowote na anayekwenda Ngong na wanawe Jumapili.

Ufuko wa Mweru ulikuwa tayari na msiba wake. Jamaa nyingine ya mbung'o, ile ipendayo vivuli vya kando ya maji, huwaambukiza binadamu malale, ugonjwa unaomlaza mtu hata akafa. Kati ya mwaka 1906 na 1922 hofu ya malale ilitawala nchi hii yote. Serikali ya kampuni ya Waingereza iliamuru vijiji vya kando ya Luapula na ya ziwa vihamishwe, watu wakapelekwa mbali na maji, na kuvua samaki na kuvuka kwenda ng'ambo kukapigwa marufuku. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Haki inataka tuseme hivyo. Lakini hebu fikiri maana ya amri hiyo kwa mvuvi. Ziwa lilikuwa shamba lake, soko lake na njia ya kwenda kwa shemeji zake upande wa pili. Wako waliokaidi wakajificha visiwani na katika vinamasi. Kwa mtoto aliyezaliwa miaka ile katika vijiji vilivyohamishwa, mchana wa kucheza ufukoni, kama huu mliouanza leo, ulikuwa kosa mbele ya sheria.

Basi familia yako iende wapi? Kama mmefika Jumamosi ya mwisho ya Julai, pandeni gari kuelekea kusini, kwenye barabara iendayo Mansa, mshuke Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe. Siku hiyo kuna Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda, ambao mababu zao walitoka kwa Mwata Yamvo, katika Kongo ya leo, wakaja kutawala bonde hili. Waingereza waliuteketeza mji wa Mwata mwaka 1899, lakini cheo hakikuungua. Sherehe kubwa ya kila mwaka, kama inavyojulikana sasa, ilianza katika miaka ya 1970, chini ya Mwata Kazembe wa kumi na saba, Paul Kanyembo Lutaba. Kwa hiyo ni ya kale na ni changa kwa pamoja, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Fikeni mapema. Wageni wa serikali hukaa kivulini, na raia husimama juani. Jambo hilo nalo lina historia yake, nitaliandika siku nyingine. Asubuhi Mwata huwakumbuka mababu mtoni Ng'ona. Baadaye hucheza uwanjani mwenyewe, amevaa mukonso, vazi lake pana la kiunoni, upanga mkononi, huku ngoma zikivuma na umati ukipiga vigelegele. Na mtamwona akipita akiwa amebebwa mabegani mwa vijana, katika machela ya heshima ambayo wenyewe huiita *muselo*. Wale vijana hawakukamatwa vijijini usiku, wala hawana mzigo wa risasi. Wanacheka, wanatoka jasho, wanaitwa kwa majina na jamaa zao waliosimama pembeni.

Umati huwa mnene, na mtoto mfupi haoni kitu isipokuwa migongo ya watu. Yule aliyeuliza habari za farasi itabidi apandishwe mabegani, naye atakuwa wa kwanza kuwaambia kwamba Mwata anakuja.