Kwa Nini Kompyuta ya Mama Ilikataa Kiswahili

Sisi tunaoandika makala hii tumekulia nyumba moja katika West Side ya Buffalo, jimbo la New York. Mama zetu ni dada, kwa hiyo Wamarekani wanatuita binamu, lakini nyumbani sisi ni ndugu tu. Kompyuta ya kwanza ya familia ilikuwa laptopu ambayo mjomba aliinunua Nairobi kabla ya kupanda ndege. Ya pili ilikuwa kompyuta ya mezani, kuukuu, tuliyopewa msaada. Mama mkubwa alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uraia, na alikuwa amesikia kanisani kwamba Windows ina Kiswahili. Akatuambia, "Wekeni Kiswahili, nisiwe naita mtoto kila dakika." Tulikuwa na umri wa miaka 13 na 14. Tulidhani ni kazi ya nusu saa, lakini ilituchukua majuma matatu.

Laptopu iliyotoka Nairobi, mji unaosema Kiswahili, ilikataa Kiswahili kabisa. Kompyuta ya msaada, iliyokuwa ya Wamarekani, hatimaye ilikubali. Jambo hili lilituchekesha wakati ule, lakini tulipofika chuoni tukaanza kuuliza sababu. Jibu tulilolipata ni kwamba Kiswahili kiliingia Windows kama mpangaji, si kama mwenye nyumba, na karibu kila hitilafu iliyotusumbua ilitokana na masharti ya upangaji huo.

Kwanza tueleze Kiswahili kilivyofika mtaani kwetu. West Side iko kando ya mto Niagara, na ng'ambo ya Daraja la Amani ni Kanada. Kabla yetu walikaa hapa Waitaliano, kisha wakaja Wapuertoriko. Kiswahili kililetwa hasa na wakimbizi. Kuanzia 2007 Marekani ilianza kuwapokea Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 na kuishi Tanzania kwa miaka zaidi ya thelathini. Baadaye wakaja Wakongo wengi, wakiwemo waliotoka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Familia yetu imetoka Kivu Kusini. Mmoja wetu alizaliwa Nyarugusu na mwingine Nairobi. Tuna ndugu Louisville na Columbus pia, na wakipiga simu swali lao huwa lile lile: "Hii mashine inasema nini?"

Wakati Warundi wale wangali kambini, Kiswahili kilikuwa kimeanza kuingia kwenye kompyuta kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Idara ya Sayansi ya Kompyuta ilishirikiana na kampuni ya Uswidi katika mradi ulioitwa Kilinux. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kufanyia hesabu zenye menyu za Kiswahili. Kwa kuwa OpenOffice ni programu huria, mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani, kuitafsiri na kuigawa bure. Njia ya pili ilikuwa ya Microsoft, ambayo mwaka huo huo wa 2004 ilitangaza mpango wa kuleta Windows na Office kwa Kiswahili kwa msaada wa wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki.

Microsoft haikutengeneza Windows nzima ya Kiswahili kama ilivyotengeneza ya Kifaransa au ya Kijerumani. Ilitoa kifurushi kidogo cha lugha kinachowekwa juu ya Windows iliyokwisha kuwepo. Kifurushi hicho hufunika sehemu zinazoonekana mara kwa mara, yaani menyu, majina ya vitufe na baadhi ya madirisha. Pale ambapo tafsiri haipo, mfumo hurudi kwenye lugha ya msingi, na kwa Kiswahili lugha hiyo ni Kiingereza. Ni sawa na kupaka rangi kuta za sebuleni huku jikoni na chooni kukiachwa kama kulivyokuwa.

Mpangaji ana masharti, na kifurushi hiki kilikuwa nayo matatu. Sharti la kwanza ni toleo. Kifurushi cha Windows XP hakifai kwa Windows 7, wala cha Windows 7 hakifai kwa Windows 10. Sharti la pili ni aina ya mfumo. Kwa Windows 7 kulikuwa na faili la mfumo wa biti 32 na jingine la biti 64, yote yakiishia na .mlc. Sisi tulipakua la biti 64 kwa sababu namba kubwa ilionekana bora zaidi. Kompyuta ya msaada ilikuwa ya biti 32, ikalikataa. Tulilipakua tena na tena, tukilaumu intaneti, mpaka siku mmoja wetu alipobofya kulia kwenye jina la kompyuta, akafungua sifa zake na kusoma mstari unaotaja aina ya mfumo. Faili sahihi lilipopatikana, Kiswahili kiliingia kwa dakika chache.

Sharti la tatu ni leseni, na hili ndilo lililoifunga laptopu ya mjomba. Kuna aina ya Windows inayouzwa ikiwa na ruhusa ya lugha moja tu ya skrini. Watengenezaji huiweka katika kompyuta za bei nafuu kwa baadhi ya masoko, na ile ya mjomba ilikuwa mojawapo. Lugha yake moja ilikuwa Kiingereza. Kila tulipojaribu kuongeza Kiswahili, ilitueleza kwa Kiingereza kwamba leseni hairuhusu lugha ya pili. Hapakuwa na kitu cha kurekebisha, kwa maana hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo mtu aliyenunua mashine katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi alikuwa amenyimwa Kiswahili tangu dukani, bila kuambiwa.

Tuligundua pia kwamba shida ya vitu kukataa kukaa pamoja ni ya zamani kuliko Kiswahili katika Windows. Katika miaka ya 1990 programu nyingi zilitumia maktaba za pamoja, mafaili yanayoishia na .dll, ili kila programu isibebe mzigo wake peke yake. Wazo lilikuwa zuri, lakini programu mpya ilipoingia iliweza kufuta maktaba ya zamani na kuweka yake. Kesho yake programu nyingine, iliyoitegemea ile ya zamani, haifunguki. Windows 2000 ilianza kuyalinda mafaili ya mfumo yasifutwe ovyo. Windows XP, iliyotoka 2001, iliruhusu matoleo tofauti ya maktaba moja kukaa pamoja bila kugombana, na pia ikamwezesha mtumiaji kuiendesha programu ya zamani kana kwamba iko katika Windows ya zamani. Mwaka 2002 Microsoft ikatoa .NET, msingi ambao programu nyingi zilianza kujengwa juu yake. Ugomvi ukapungua, lakini likazaliwa swali jipya: programu inahitaji msingi upi, na je, upo?

Swali hilo tulikutana nalo wiki ya tatu. Mama mkubwa alikuwa na CD ya mazoezi ya Kiingereza, ya zamani kidogo. Tuliiweka katika laptopu ya mjomba, yenye Windows 10, likatokea dirisha likidai .NET 3.5. Tulishangaa, maana tulisoma kwamba Windows 10 ina .NET tayari. Kweli inayo, lakini ni ya namba 4 kwenda juu, na hiyo haichukui nafasi ya 3.5. Ile ya zamani imo katika orodha ya vipengele vya hiari, na lazima mtu aiwashe, kwa kawaida huku kompyuta imeunganishwa kwenye intaneti. Kitufe cha kufanya hivyo kilikuwa pale pale kwenye dirisha. Mama mkubwa alikuwa amelifunga dirisha hilo siku nne mfululizo, akidhani anaambiwa ameharibu kitu.

Tangu siku ile tumefuata utaratibu huu kila tunapoitwa na jirani. Tunasoma ujumbe wote kabla ya kubofya chochote, kisha tunaangalia toleo la Windows, aina ya mfumo na leseni. Programu ikidai faili lililokosekana, kwa mfano MSVCR100.dll, hatulipakui faili hilo peke yake kutoka tovuti tusiyoijua. Tunatafuta kifurushi kizima cha Visual C++ 2010 kutoka kwa Microsoft wenyewe. Na kama programu ni ya biti 32, tunaweka kifurushi cha biti 32 hata kama Windows ni ya biti 64. Mambo haya si magumu. Ugumu ni kwamba yote yameandikwa kwa lugha ambayo aliyeketi mbele ya skrini bado anaisoma kwa shida.

Turudi kwenye kompyuta ya msaada, ile iliyokubali. Mama mkubwa aliketi, akavaa miwani, akasoma polepole. Alifurahi, lakini baada ya muda akauliza, "Kabrasha ni nini?" Tukamwambia ni mahali pa kuwekea mafaili. Akasema, "Hii Kiswahili ni ya wapi? Ya kwetu hapana."

Hakukosea. Ndani ya Windows kifurushi hicho kina alama sw-KE, maana yake Kiswahili cha Kenya. Baadaye Windows 10 iliorodhesha pia Kiswahili cha Tanzania, Uganda na Kongo, lakini ni kwa ajili ya namna ya kuandika tarehe, namba na fedha. Mashirika ya viwango yanajua tofauti hizi: Kiswahili cha Kongo kina alama yake ya kimataifa, swc, kando ya swh. Walimu wetu wanajua pia kwamba hata kuhusu jina la mashine yenyewe hatujaelewana. Vitabu vya Kenya vinasema tarakilishi, Watanzania wengi wanasema kompyuta, wengine walipendekeza ngamizi, na nyumbani kwetu tulikua tukisikia neno la Kifaransa. Hatuwalaumu waliosanifu istilahi, kwa kuwa ilibidi wachague. Lakini waliochaguliwa kuwa wasomaji hawakuwa mama zetu.

Mama mkubwa alikiacha Kiswahili kwenye menyu. Alifaulu mtihani wa uraia, ambao hufanywa kwa Kiingereza. Lakini mpaka leo, mambo yakienda vizuri kompyuta yake inamsemesha kwa Kiswahili, na yakiharibika inarudi kwenye Kiingereza, yaani wakati ule ule anapohitaji kuelewa kuliko wakati wowote. Hapo ndipo anapoita mtoto, na mtoto sasa yuko chuoni.

Jambo hili limekuwa la haraka. Msaada wa Windows 7 ulikoma Januari 2020, na wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na laptopu nyingi kuukuu za West Side hazina. Familia zitapokea mashine nyingine, na madirisha yale ya Kiingereza yatatokea tena.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwa wanachama na walimu. Katika Kiswahili cha kompyuta, kuweka programu ni kuisakinisha, neno lenye shina moja na maskani. Sisi ambao familia zetu zilihamishwa na kupewa makazi tunajua kwamba kupewa chumba hakutoshi kama huwezi kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni. Tuchague ujumbe 20 wa hitilafu unaotokea mara nyingi, tuutafsiri kwa maneno ambayo mama wa Uvira, wa Kigoma na wa Mombasa wote watayaelewa, kisha tuuchape kwenye karatasi moja ya kubandika ukutani. Sisi tumeshaanza na mitano. Wa kwanza unasema: "Hujaharibu kitu. Programu hii inahitaji .NET 3.5. Bofya kitufe cha kwanza, usubiri."

Tulimsomea mama mkubwa. Akasema, "Hiyo naisikia."