Land Rover ya petroli inasumbua kuwaka? Mambo ya kujua kabla ya kununua mfumo wa cheche wa kielektroniki

Asubuhi ya Julai Sumbawanga ni ya koti. Land Rover 109 ya petroli imelala nje, stata inazunguka kwa uvivu, injini inakohoa na kunyamaza. Fundi anafungua distributa, anasugua pointi kwa msasa, gari linawaka. Wiki mbili baadaye, hadithi ni ile ile.

Wamiliki wengi wakichoka na mchezo huo huanza kuulizia mfumo wa cheche wa kielektroniki. Ni mabadiliko mazuri, ila ukichagua vibaya unaweza kulala njiani.

Kwa ufupi

- Mfumo huu unaondoa kazi ya kusugua na kupima pointi mara kwa mara.
- Hauongezi nguvu kwenye injini ambayo tayari ni nzima.
- Pointi zikichakaa hutoa dalili mapema. Moduli ikifa, imekufa.
- Kama Land Rover yako ni ya dizeli, haikuhusu: dizeli haitumii cheche.

Pointi zinafanya nini?

Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa. Vikigusana, umeme unapita kwenye koili. Vikiachana, koili inatoa umeme mkali unaokwenda kwenye plagi.

Kwenye injini ya silinda 4, kama ile ya lita 2.25 ya Land Rover Series II, IIA na III, kazi si ndogo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000. Ndiyo maana huungua, hulika, na uwazi wake hubadilika. Kwenye distributa za Lucas za injini hizo, uwazi unaotakiwa ni milimita 0.35 hadi 0.40.

Aina tatu za kuchagua

*1. Moduli ya ndani ya distributa.* Pointi na kondensa hutolewa, halafu inafungwa sumaku ya duara na kihisio. Kwa nje huoni tofauti. Pertronix ya Marekani na AccuSpark ya Uingereza hutengeneza za aina hii. Ni rahisi kufunga na rahisi kutoa.

*2. Kisanduku cha kusaidia pointi.* Hapa pointi zinabaki, ila zinabeba umeme kidogo sana. Kazi nzito inafanywa na transista iliyo kwenye kisanduku. Pointi haziungui, japo sehemu inayosugua shafti bado italika polepole. Kisanduku kikifa, unarudisha waya zilivyokuwa na kuendelea na safari, mradi kondensa iwepo.

*3. Distributa nzima mpya.* Ni ghali kuliko hizo mbili, lakini ndiyo dawa pale distributa ya zamani imechoka kabisa.

Pima haya kabla ya kutoa hela

*Betri imefungwaje?* Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani upande wa chanya ukiwa umeungwa kwenye bodi. Za baadaye ni hasi. Mafundi pia wamebadilisha nyingi, kwa hiyo usiamini mwaka wa gari. Fungua boneti uangalie waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Moduli ya hasi ukiifunga kwenye gari la chanya inaungua palepale.

*Koili ina omu ngapi?* Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kupima. Moduli nyingi za bei ya kawaida kwa silinda 4 zinataka koili ya takriban omu 3. Ukiziwekea koili ya omu 1.5 bila kizuizi chake cha umeme, zinapitisha umeme mwingi na kuchemka. Soma karatasi ya kifaa kwanza, kisha pima.

*Shafti inacheza?* Shika rota uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, moduli haitaponya ugonjwa huo, na sumaku inaweza kugonga kihisio. Kisha zungusha rota kidogo na uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe. Isiporudi, springi za ndani zina tatizo.

*Betri na chaji vikoje?* Hapa ndipo baridi ya Sumbawanga inapoingia. Stata ikivuta umeme mwingi na volti zikashuka sana, moduli inaweza kukataa kutoa cheche, wakati pointi zingeweza kujaribu. Betri mbovu itengenezwe kwanza.

Mwinuko wa Ufipa usikudanganye

Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake ni plagi nyeusi, moshi na injini nzito. Wengi hulaumu cheche, kumbe ni kabureta. Ukikuta plagi zina masizi makavu meusi, anza na kabureta na kichujio cha hewa.

Kosa lingine ni kusogeza taiming mbele sana ili gari lichangamke mlimani. Ukishuka nalo Kasanga, Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 tu, na hewa ni nzito zaidi. Injini iliyosetiwa hivyo inaweza kuanza kugonga. Ni vivyo hivyo ukishuka Muze, bonde la Ziwa Rukwa. Taiming isetiwe kwa taa yake, si kwa sikio.

Makosa yanayoua moduli

- Kuacha swichi on wakati injini imezima.
- Kuchomelea bodi bila kuchomoa betri.
- Kubadilisha vichwa vya betri kimakosa.
- Kutumia waya za plagi za shaba tupu. Nyingi huleta kelele za umeme zinazovuruga moduli. Tumia za kaboni.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kwa gari la mizunguko ya mjini, moduli ya ndani inatosha. Kama shafti imekwisha, weka hela kwenye distributa mpya badala ya kupachika moduli juu ya ubovu.

Lakini kwa gari linaloshuka bondeni au linalokwenda vijijini masika, swali la kwanza ni hili: ikifa porini, narudije? Hapo kisanduku cha kusaidia pointi kina faida kubwa. Ukichagua moduli ya ndani, usitupe vya zamani. Weka kwenye gari pleti yenye pointi zilizokwisha kusetiwa, kondensa, bisibisi, fila geji na mchoro wa waya.

Halafu fanya zoezi la kubadilisha mara moja nyumbani, mchana. Ukiweza hapo, utaweza hata usiku kwenye mvua, tochi ikiwa mdomoni.