Kunuka na Kunukia: Samli, Kahawa na Manukato katika Historia ya Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili vya harufu vyenye mzizi mmoja. Kitu kinaponuka, kinakera, kinaponukia, kinapendeza. Tofauti iko katika kiambishi cha kauli ya kutendea, kana kwamba lugha inatukumbusha kuwa harufu nzuri daima ina mtu inayemlenga. Makala haya yanatumia tofauti hiyo kuchunguza historia ya manukato katika Bukoba na Muleba, eneo lililokuwa na falme za Kihaya kama Kiziba, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro. Hoja kuu ni kwamba manukato ya Buhaya hayakuanza na chupa zilizoletwa kwa meli. Yalianza na samli, nyasi na kahawa, na yamekosa nafasi katika maandishi kwa sababu wageni walioandika mwanzo waliona kinanuka kile ambacho kwa wenyeji kilinukia.

2.0 Manukato juu ya ngozi

Harufu ni chembe zinazoruka kutoka kwenye kitu hadi puani. Chembe nyepesi, kama za ndimu na mchaichai, huruka kwanza na kutoweka baada ya dakika chache. Zile za maua, kama waridi na asumini, hufuata na kudumu kwa saa kadhaa. Zile nzito za udi, sandali na ubani hubaki mwishoni, na mara nyingi husikika kwenye nguo hata siku ya pili. Kwa hiyo mtu aliyejipaka manukato asubuhi hanukii vilevile jioni.

Mwendo huo hutegemea pia kile kinachobeba harufu. Spiriti huruka upesi na kuifungua harufu yote kwa mara moja. Mafuta huishika na kuiachia kidogo kidogo, kwa kadiri ngozi inavyopata joto. Ngozi kavu hupoteza manukato mapema kuliko ngozi iliyopakwa mafuta. Kanuni hii ndiyo ufunguo wa kuelewa sura ya kwanza ya historia yetu, kwa kuwa kibebeo cha kale cha Buhaya kilikuwa mafuta ya ng'ombe.

3.0 Samli na mpaka wa hadhi

Katika jamii za Maziwa Makuu zilizofuga ng'ombe, siagi na samli zilikuwa chakula, na pia mafuta ya kujipaka. Samli mpya ina harufu tulivu, tamu kidogo, inayokaribia ya karanga zilizokaangwa. Ikikaa muda mrefu, mafuta yake huvunjika na kutoa asidi yenye ukali unaochoma pua. Ngozi yenye joto huharakisha mabadiliko hayo. Mpakaji alijua tofauti ya samli ya leo na ya wiki iliyopita. Msafiri wa karne ya 19 aliyepita siku moja aliweza kuziweka zote katika neno moja la dharau.

Samli pia ilimtambulisha mtu. Ng'ombe hawakuwa mali ya kila kaya. Watawala na jamaa zao, pamoja na wafugaji waliowatumikia, waliyapata maziwa kwa wingi, ilhali wakulima wengi wa migomba waliyapata kwa uchache. Ngozi inayong'aa na kunukia ilitangaza, kabla mtu hajafungua kinywa, kwamba nyuma yake kuna zizi. Ndiyo maana ugonjwa wa sotoka, ulioangamiza mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1890, haukuleta njaa na umaskini peke yake. Uliondoa pia alama ya hadhi iliyokuwa ikisikika puani. Msiba huo ulikaribiana na mwaka 1890, Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba.

4.0 Nyasi na kahawa

Asiye na zizi hakukosa harufu njema kabisa. Sakafu ya nyumba ya Kihaya ilitandikwa nyasi zilizokatwa rweya, yaani mbuga zilizo kati ya vijiji vya migomba. Nyasi mpya ilimpokea mgeni kwa harufu yake kabla hajaketi. Kisha aliletewa kahawa ya kutafuna. Buni zilichumwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikaanikwa juani. Brad Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu kahawa ya Buhaya, anaonyesha jinsi kahawa hiyo ilivyofunga mahusiano, hata udugu wa kuchanjiana damu. Harufu hapa ilikuwa ya kugawana: ilitoka mkononi mwa mwenyeji ikaingia kinywani mwa mgeni.

Katika karne ya 20 buni ileile iligeuka zao la kuuza. Kahawa iliyokuwa ikinukia majani ndani ya nyumba ilianza kusafirishwa kwa magunia, na fedha zake zikanunua nguo, sabuni na mafuta ya dukani.

5.0 Udi, sabuni na spiriti

Manukato ya pwani yalikuwa na njia zake. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Kafuro, Karagwe, katikati ya karne ya 19. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliisogeza Bukoba karibu zaidi na bahari. Watu wa pwani walikuwa na utamaduni wa chetezo, udi na marashi, na Uislamu ulikuwa na nafasi kwa harufu hizo katika ibada na sherehe. Shule na misheni, kwa upande wao, zilifundisha kwamba usafi una harufu ya sabuni. Mafuta ya ng'ombe yakaanza kuhesabiwa ushamba, hata kwa vijana waliozaliwa katika nyumba zilizowahi kuyaheshimu. Neno la mgeni lilikuwa limekuwa neno la mwenyeji.

6.0 Hitimisho

Akiolojia imeitendea haki Buhaya upande wa chuma: uchimbaji wa Peter Schmidt huko Katuruka ulionyesha ufuaji wa tangu zamani sana, kwa kuwa mkaa na mavi ya chuma hubaki ardhini. Harufu haibaki hivyo. Inabaki katika kumbukumbu za wazee, na pengine katika mafuta yaliyonyonywa na vigae vya vyungu. Sehemu kubwa ya rweya sasa imepandwa misonobari na mikaratusi, na sakafu za saruji hazihitaji nyasi. Mtafiti anayekwenda Muleba kuuliza kuhusu falme na vita aulize pia nyumba ya bibi ilinukia nini. Swali hilo halina nyaraka za kulisubiri. Lina mashahidi, na umri wao umekwenda.