Mirambo, Majani Marefu na Vipipa Vitano vya Baruti

Mwaka jana nilikwenda Geita kwa dada yangu, nikakuta sebule imegeuka uwanja wa vita. Mpwa wangu na wenzake watatu walikuwa wameunganisha kompyuta zao, wanacheza gemu ya kujenga ngome na kupigana. Mpwa aliacha ngome yake karibu tupu, jeshi akalificha msituni. Wenzake wawili wakaingia, wakabeba walichokikuta, na walipokuwa njiani kurudi akawafyeka. Kelele zikaanza: "Umechiti!" Akanigeukia: "Anko, wewe si ndio msomaji wa historia? Huku ni kuchiti?"

Nilicheka, maana alichofanya kilishafanyika zaidi ya miaka 150 iliyopita, tena si mbali: Ulyankulu, huko kusini mwa Kahama.

Anayetusimulia ni Henry Morton Stanley, katika kitabu alichokitoa 1872 kuhusu safari yake ya kumtafuta Livingstone. Alipofika Unyanyembe, Tabora ya leo, aliwakuta wafanyabiashara Waarabu wanajiandaa kupigana na Mirambo, mtemi wa Urambo, naye akajiunga nao. Mapema Agosti 1871 waliteka kijiji cha Zimbizo. Kisha Soud bin Said akaongoza watu kama 500 kwenda kupiga Ulyankulu, kwa Mirambo mwenyewe. Boma likaanguka. Wakapata meno ya tembo zaidi ya 100, marobota ya vitambaa, na mateka kwa mamia. Ambacho hawakujiuliza, katika furaha yote ile, ni Mirambo yuko wapi.

Alikuwa kwenye majani marefu, yeye na watu wake, wamelala pande zote mbili za njia ya kurudi Zimbizo. Waliwaacha wenye mizigo wakaja hadi karibu, ndipo wakainuka. Mtu mwenye jino la tembo begani hapigi bunduki. Soud aliuawa pale pamoja na Waarabu aliokuwa nao, na Stanley, aliyekuwa kambini na homa, akajikuta katika jeshi linalokimbia. Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo alifika Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah akatoka kumkabili, Mirambo akaamuru watu wake warudi nyuma polepole, Khamis akadhani wanashindwa, akawafuata. Wakageuka ghafla, naye akauawa.

Ukiwa upande wa Soud utaiita hila chafu. Mimi siioni hivyo. Yale majani kila mtu aliyaona. Soud angeweza kutanguliza wapelelezi, angeweza kuacha pembe nusu yake. Hakuna aliyemwahidi kwamba njia itakuwa salama.

Lakini Mirambo huyuhuyu ana kisa kingine, ambacho ndicho kiliwasha vita, na hapo nasita. Msafara wa wafanyabiashara ulikuwa unakwenda Ujiji. Mirambo akausimamisha, akadai vipipa 5 vya baruti, bunduki 5 na marobota 5 ya vitambaa. Wakabishana zaidi ya siku nzima, mwisho wakalipa. Alipokwisha kupokea akawaambia warudi walikotoka.

Najua utetezi wake. Miaka kama kumi nyuma, wafanyabiashara haohao walimwondoa Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe aliyewatoza ushuru, wakamsimika Mkasiwa. Mirambo alikuwa na sababu za kutowaamini. Isitoshe msimulizi wetu alibeba bunduki upande wa adui zake, kwa hiyo hata hizo tano-tano zake tuzipokee kwa tahadhari. Hata hivyo, hongo ndiyo iliyoendesha njia zile: unalipa, unapita. Ukishaipokea na kufunga njia, hujamzidi mwenzako akili. Umeua kitu ambacho nyote wawili mlikitegemea.

Watu wa Geita wanaielewa tofauti hii bila Stanley. Mnunuzi wa dhahabu anayenyamaza kuhusu bei ya Mwanza, mchimbaji atamlaani halafu atacheka na kesho atarudi kumuuzia. Anayechezea mizani hachekewi. Bei unaweza kuulizia kwa simu. Mizani unaiweka dhahabu yako juu yake kwa sababu umekubali kuiamini.

Basi nikawasimulia vijana kisa cha majani, nikamhukumia mpwa ushindi. Wawili waliofyekwa walinuna kidogo, wakakubali. Wa nne alikuwa kimya muda wote. Ndiye pekee ambaye jeshi lake halikuingia ngomeni. Lilifika karibu na ule msitu, likasimama, likageuka. Mpwa akamuuliza alijuaje. Akasema alihisi tu. Mpwa akasema, "Ebu nione kompyuta yako," na jamaa akaifunga.